Babu alisema kwao ni Utengule, lakini Utengule ipi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mafinga, nalifupisha. Babu yake mzaa baba alifariki 1989 akazikwa Igurusi. Enzi za uhai wake akiulizwa kwao ni wapi alikuwa anajibu hivyohivyo kila siku, "Utengule, ukivuka Songwe". Alibatizwa na Moravian. Baba yake dada huyu alizaliwa Saza mwaka 1948 wakati mzee yuko kwenye kazi ya dhahabu. Pale Igurusi walihamishiwa kipindi cha vijiji, wazee waliojua habari wameshaondoka wote, amebaki shangazi mmoja tu. Dada ameshafunga safari mpaka Utengule ya Mbarali, kataja jina la ukoo, hamna hata mtu mmoja aliyelijua. Anauliza aanzie wapi, na je kuna ofisi yoyote yenye orodha ya koo.

Dada yangu, pole sana na safari. Ofisi yenye orodha ya koo hamna, usipoteze nauli kuitafuta. Ila babu yako kakuachia vitu vingi kuliko unavyodhani, maana kwenye kauli yake moja kuna jina la mahali na kuna mto, we mwenyewe umeongeza kanisa na mgodi, na vitu vinne vya namna hiyo ukivipanga kwenye ramani vinaanza vyenyewe kukupunguzia sehemu za kutafuta. Wengi wakitafuta asili wanaanza na jina la ukoo, wanafika mahali wanauliza "akina fulani mnawajua?" wanaambiwa hapana, wanarudi nyumbani wamekata tamaa. Jina la ukoo linahama sana, mtu akiandikishwa kazini karani anaandika jina la baba yake, mtoto akienda shule anaandikishwa kwa jina la babu, vizazi viwili mbele ukoo wenyewe haupo kwenye karatasi yoyote. Mto uko palepale, we anza na mto.

Lakini kabla ya mto tumalizane na Utengule, maana hapo ndo ulipopotezea safari. Utengule ziko zaidi ya moja. Iko hiyo uliyoenda, Utengule Usangu, wilaya ya Mbarali. Iko Utengule ya pale Mbalizi, kata yake mpaka leo inaitwa Utengule Usongwe. Na iko nyingine kule chini bonde la Kilombero, upande wa Mlimba, kwa Wabena walioteremka kutoka nyanda za juu. Na hazikuja kufanana majina kwa bahati mbaya. Mtwa (chifu) Merere wa Wasangu alisukumwa na Wahehe karne ya 19, kwanza enzi za chifu wao Munyigumba halafu za mwanawe Mkwawa, akaondoka Usangu na watu wake akaenda kukaa Usafwa, akajenga ngome karibu na Songwe, na huko nako pakaitwa Utengule, ndo hiyo ya Mbalizi. Wajerumani walipokuja akashirikiana nao dhidi ya Mkwawa, na Mkwawa alivyokufa Julai 1898 pale Mlambalasi mambo yalikuwa yameshageuka, Wasangu wa Merere wakarudi Usangu kwao. Ila wakati watu wanarudi siyo kila mtu anarudi, kuna waliokuwa wameshaoa Usafwa, wana migunda (mashamba) yao, wana makaburi ya watoto wao pale, wakabaki. Na kuna Wasafwa waliokuwa chini ya Merere ambao wao pale ndo kwao toka mwanzo.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwetu Utengule hujajua bado ni Msangu au Msafwa, wala ni Mbarali au Mbalizi. Nimeona familia zimegombana vibaya juu ya hilo, mmoja anasema sisi Wasangu mwingine anasema sisi Wasafwa, na wote wana haki ya kusema hivyo kwasababu ukoo mmoja uliishi pande zote mbili ndani ya miaka 30 tu.

Sasa mto. Songwe nazo ziko mbili na hazikutani kabisa. Moja inateremka kusini kwenda Ziwa Nyasa, hiyo ndo mpaka wetu na Malawi tangu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Ya pili inapita karibu na Mbalizi, inaelekea kaskazini magharibi, inaenda kumwaga maji Ziwa Rukwa. Halafu siku hizi kuna mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ndani ya huo mkoa kuna wilaya ya Songwe ambayo makao yake ni Mkwajuni, na kuna uwanja wa ndege wa Songwe ambao uko mkoa wa Mbeya. Ukimuuliza kijana wa leo "Songwe iko wapi" atakupeleka Vwawa, makao ya mkoa. Babu yako alifariki 1989, mkoa haujazaliwa, yeye alikuwa anaongelea maji.

Utengule ya Mbarali haina Songwe ya kuvuka, kule ni Ruaha na vijito vyake. Utengule iliyo jirani na Songwe ni ile ya Mbalizi. Na Moravian wakati wanaingia miaka ya 1890, baada ya kuanzia Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo Utengule hiyohiyo ya Usafwa, kwasababu Merere alikuwa bado yuko pale. Hapo tayari mto na kanisa vimekutana sehemu moja.

Weka na mgodi sasa. Saza sa hivi iko wilaya ya Songwe lakini zamani yote hiyo ilikuwa Chunya, ndo maana kwenye vyeti vya watu wa umri wa baba yako utakuta pameandikwa Chunya tu. Dhahabu ya Lupa, hukohuko Chunya, ilianza kujulikana 1922, miaka ya 1930 watu wakafurika, na mgodi wa Saza wenyewe ulifanya kazi kuanzia 1939 mpaka 1956. Angalia ramani mtu wa pale Mbalizi angeendaje Saza. Anaifuata Songwe kuteremka bonde, anatokea Galula, anaendelea Mkwajuni, Saza iko hapohapo jirani, na barabara ya Mbalizi kwenda Mkwajuni mpaka leo inapita huko. Mtu wa Usangu au wa Tukuyu angetokea Mbeya mjini, apande Kawetire, atelemkie Chunya. Siwezi kukuapia kwamba babu yako alipita njia gani, ila mtu aliyefanya kazi Saza, mwenye Songwe mdomoni, aliyebatizwa na Moravian, mi ningeanza na Utengule Usongwe bila kusitasita, na nisingegusa sehemu nyingine mpaka hiyo niimalize.

Kuna kitu kimoja cha kuuliza hapo, hilo neno "ukivuka". Ukivuka ukitokea wapi? Mtu akielekeza kwao anaelekeza kutokea pale alipo au pale alipokuwa anatokea zamani akirudi likizo. Kama alizoea kusema hivyo tangu yuko Saza, basi kuvuka ni kutokea upande wa mgodini. Kama alianza kusema akiwa Igurusi basi anatokea mashariki na kuvuka kwake ni kwenda magharibi ya mto, na hizo zinaweza zikawa ng'ambo mbili tofauti, vijiji tofauti. Muulize shangazi, usimuulize kwa simu, nenda kakae naye, na muulize hivi: mzee alikuwa anasema amevuka asubuhi au jioni, maji yalikuwa yanamfika wapi, walivuka kwa miguu au kulikuwa na daraja la miti, baada ya kuvuka ni kupanda mlima au ni tambarare, mlima gani walikuwa wanauona mbele. Shangazi anaweza asijue jina la kijiji hata kimoja lakini akakumbuka kwamba mzee alikuwa anasimulia kuchunga kwenye mwinuko huku anaangalia moshi wa kituo cha misheni chini. Hiyo ukienda nayo uwanjani ni mali.

Ramani zenyewe sasa. Tafuta zile za skeli ya 1:50,000, mfululizo unaoitwa Y742, zinapatikana kwenye ofisi za serikali za upimaji na ramani, na kopi nyingine zimeskaniwa ziko kwenye intaneti. We usichukue toleo jipya, omba toleo la zamani kabisa utakalolikuta kwa shiti (karatasi ya ramani) ya eneo hilo, la kabla ya 1974. Sababu ni kwamba ramani za zamani zina vitongoji vidogovidogo vyenye majina yao, nyumba tatu hapa nne pale, na hivyo vitongoji vingi havipo tena, Operesheni Vijiji ilivihamisha. Novemba 1973 Mwalimu alitamka kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa kijijini awe anaishi kwenye kijiji, na huku kwetu watu walisogezwa kandokando ya barabara. Jina la mahali ambalo babu alilijua linaweza likawa limefutika kwenye midomo ya watu lakini bado liko kwenye karatasi.

Na ramani za Wajerumani, za 1:300,000, nazo ziangalie, zimewekwa mtandaoni na maktaba mbalimbali bure. Hizo ni za zamani zaidi na ndogo sana kwa undani, ila zina faida moja ambayo watu hawaijui. Wapimaji wale wakifika mahali wakiuliza hapa ni wapi, mara nyingi walikuwa wanajibiwa hapa ni kwa fulani, nao wakaandika jina la yule mtu kama jina la kijiji. Unaweza ukakuta jina la jumbe au la mwenye mji aliyekuwepo miaka hiyo limekaa kwenye ramani kama mahali. Soma kwa sauti usisome kwa macho, tahajia yao ni ya Kijerumani, j ya kwetu wao wanaandika dsch, ch wanaandika tsch, na r na l zinabadilishana ovyo, utakuta Lungwe badala ya Rungwe, na Mkwawa mwenyewe kwenye maandishi yao ni Quawa. Ukitafuta jina la ukoo wenu kwa tahajia ya leo hutaliona hata kama liko.

Kanisani. Hapa naomba uende na adabu na uvumilivu. Utengule Usongwe iko chini ya Jimbo la Kusini Magharibi la Moravian, makao yake Mbeya mjini, ile Jimbo la Kusini ya Rungwe ni ofisi nyingine, usichanganye. Ila usianzie makao makuu, anzia ushirika wenyewe, mwone mchungaji, mwambie unatafuta daftari la ubatizo, na umpe makadirio ya miaka siyo jina peke yake. Kama baba alizaliwa 1948 basi babu alizaliwa pengine kati ya 1910 na 1925. Hapo kuna tatizo la Vita ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa 1916, vituo vya Moravian vikashikiliwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, na Wajerumani hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Ubatizo wa kipindi hicho kuna mahali haukuandikwa kabisa na kuna mahali umeandikwa baadaye kwa mkupuo. Kwa hiyo ukimkosa mwaka uliotegemea endelea mbele, angalia hata 1930 na kitu, wengi walibatizwa wakubwa wakati wa kutaka kufunga ndoa. Na angalia majina ya wadhamini wa ubatizo, hao mara nyingi walikuwa majirani au ndugu wa mama, halafu angalia kama kuna safu ya kijiji alikotoka, hiyo ikiwepo ndo imekutoa.

Kama wakati mwingine utafuatilia upande wa bibi, ujue makanisa huku yaligawana nchi. Rungwe, Ipyana, Rutenganio, Isoko, Mbozi ni Moravian. Manow, Mwakaleli, Matema, kupanda Ukinga mpaka Bulongwa na Tandala, Ubena Kidugala na Lupembe, hao walikuwa Walutheri wa misheni ya Berlin. Tosamaganga Wakatoliki. Ukijua mtu alisali wapi kabla ya uhuru umeshajua karibu alikaa bonde gani.

Kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau kiko nyumbani kwenu. Babu alizikwa 1989, na kwenye msiba kulisomwa historia ya marehemu. Ile karatasi iko wapi? Mtu aliiandika kwa mkono, akauliza wazee waliokuwa bado wapo, akaandika amezaliwa wapi, wazazi wake akina nani, amebatizwa lini. Watu wanaisoma makaburini halafu wanaikunja wanaweka kwenye Biblia au kwenye sanduku la vyeti na hamna anayeifungua tena. Tafuta hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Tafuta na daftari la rambirambi, lile la michango. Kwenye daftari la namna hiyo watu wanaandikwa jina na wanakotoka, na kwenye msiba wa mtu aliyehama ndugu wa kwao wanakuja hata kama walikuwa hawaonani miaka mingi. Ukiona mchango wa mtu wa Mbalizi, au wa Galula, au Inyala, au popote ambapo nyie hamna mtu mnayemfahamu, chora doa kwenye ramani. Madoa matatu manne yakikaa upande mmoja wa mto umeshapata pa kuanzia kuuliza.

Halafu kuna pengo ambalo wewe hujaliuliza ila mi nimeliona. Saza ulifungwa 1956. Igurusi mliletwa kipindi cha vijiji, tuseme 1974. Hapo katikati ni miaka 18 na baba yako alikuwa mtoto mpaka kijana, walikaa wapi? Mtu mgodi ukifungwa anarudi kwao, au anamfuata mwenzake wa kambini, au anaenda kwa wakwe. Mi nahisi jibu la hapo litakuonyesha bibi alikotoka, kwasababu ardhi ya kulima mtu asiye na kwao karibu anapewa na wakwe. Shangazi atajua, waulizeni wanawake, mwanamke aliyeolewa mbali anakumbuka njia ya kurudi kwa mama yake hatua kwa hatua, wapi walipumzika na wapi kulikuwa na maji, kuliko mwanaume anavyokumbuka majina ya mababu. Kabla ya kuletwa Igurusi barabarani walikaa sehemu fulani, mnaposema "kule juu" nendeni mkapaone, yale mahame (makazi yaliyoachwa) yana jirani zake na hao jirani na wao walihamishwa, wako hapohapo Igurusi au kijiji cha pili.

Ukishafika Utengule usiingie moja kwa moja unauliza ukoo. Pitia kwa mtendaji, halafu kwa mwenyekiti wa kitongoji, jitambulishe vizuri, na sema mapema kabisa kwamba hujaja kudai shamba. Lisemeni wazi na mlirudie. Mtu wa Mafinga anayekuja kuuliza babu yangu alilima wapi, kwa macho ya mwenyeji huyo anataka eneo, hasa Mbalizi ya sasa ambako viwanja vimepanda bei, na mtu akishaogopa hatakwambia kitu hata kama mzee wako alikuwa jirani yake. Ingekuwa mimi ningetanguliza habari ya kaburi, kwamba tunatafuta walikozikwa wazazi wa babu tupate kuwaombea, hilo hamna mzee wa huku atakayelikataa.

Na ulizia wazee waliowahi kukaa baraza la ardhi la kijiji. Watu wanafikiri mjuzi wa koo ni mzee kuliko wote, siyo lazima. Kwenye kesi za mipaka kila upande unataja huyu shamba alipewa na nani, naye alipewa na nani, alioa kwa nani, alihama lini, na yule mzee wa baraza kasikiliza hayo miaka kumi. Koo zilizokwisha pale kijijini na mashamba yao kupita kwa wengine anazijua yeye, na ukoo wenu inawezekana ni mmojawapo, ndo maana vijana hawaujui.

Mkiwapata, muombe mzee mmoja mtembee, usimfanyie mahojiano sebuleni. Akikaa kwenye kiti anakupa majina mawili matatu anachoka. Akitembea, akifika kwenye kijito anasimama mwenyewe anakwambia hapa palikuwa kwa fulani, walichota maji hapa, dada yao aliolewa ng'ambo ile. Washa simu irekodi, na kila anaposimama bonyeza eneo kwenye ramani ya simu, uandike na alichosema hapohapo, usisubiri mpaka jioni. Mpe nafasi ya kupumzika, na beba sukari na sabuni kwa ajili ya nyumbani kwake, hiyo siyo malipo ni heshima.

Mwende kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Masika njia za pembeni zinateleza na mto hauvukiki kwa miguu, ila sababu kubwa ni kwamba majani yakikauka mahame yanaonekana, unaona mawe ya msingi, unaona mstari wa minyaa uliokuwa uzio wa boma, unaona migomba imejiotea katikati ya pori ambako hamna nyumba. Mahali kama hapo msing'oe wala msifukue kitu, pigeni picha, chukueni alama ya eneo, na muulizeni mzee kabla hamjakanyaga zaidi kwasababu makaburi ya zamani hayana msalaba wala saruji. Ukishapata karatasi ya msiba na daftari la rambirambi niandikie majina ya sehemu zilizomo, hata yale usiyoweza kuyasoma vizuri, nitakutafutia shiti yake ya ramani tuone yanaangukia upande gani wa Songwe.